Padre Barruel na Kitabu cha Njama

Katika miji yetu, tangu Mombasa hata Dar es Salaam, na hata bara mbali na pwani, kijana akitajirika kwa ghafla, au mwimbaji akipata jina kubwa kabla ya umri wake, uvumi haukawii kumtia katika kundi la Wafrimasoni au la Iluminati, na watu huyataja majina hayo mawili kwa sauti ya chini, kana kwamba yaliteremka na mvua, hayana nasaba wala tarehe. Nasaba yanayo. Itikadi ya kwamba ipo jamii moja ya siri inayoinua dola na kuziangusha, na kwamba misukosuko yote ya ulimwengu imepangwa na watu wachache walioketi mahali pasipojulikana, ilipata umbo lake tunalolijua katika kitabu kilichoanza kupigwa chapa London mwaka 1797, na mtungaji wake alikuwa padre wa Kifaransa, mkimbizi, msomi, mwenye uchungu mwingi, jina lake Augustin Barruel. Wengi wamemtaja kuwa mzushi wakapita. Mimi naona kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa utulivu na kwa insafu, kwa sababu mtu huyu hakuwa ayari wala mchuuzi wa uongo. Alikuwa amedhulumiwa kweli, na machozi yaliyomo katika maandishi yake ni ya kweli, na hilo ndilo lililoyapa nguvu makosa yake.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1741 katika mji mdogo wa Villeneuve-de-Berg, kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1756, angali mvulana, aliingia katika utawa wa Wajesuiti, waliokuwa zama hizo walimu wa watoto wa wakubwa katika nchi nyingi za Ulaya na waungamishi wa wafalme. Shirika hilo lilikuwa na mahasidi wengi, na mahasidi hao walisema juu yake maneno ambayo msomaji wa leo atayatambua mara moja: kwamba ni jamii ya siri, kwamba viongozi wake wana amri zisizoonyeshwa wanachama wa chini, kwamba hutaka kumiliki ulimwengu kwa kuyashika masikio ya wafalme, na kwamba wafalme waliouawa waliuawa kwa shauri lake. Ufaransa ikaliharamisha mwaka 1764, Barruel akaenda kufundisha katika nchi za dola ya Austria, na mwaka 1773 Papa Klementi XIV, akiisha kushurutishwa na wafalme, akalivunja kabisa. Mtu aliyelishwa tuhuma ya namna hiyo akaujua uchungu wake angetarajiwa asimlishe mwingine. Lakini tabia ya binadamu haiendi hivyo, na mara nyingi aliyeonewa kwa hoja fulani hujifunza hoja hiyo kuliko anavyojifunza kuichukia.

Aliporejea kwao aliushika wino kuitetea dini dhidi ya wanafalsafa wa zama zile, akina Voltaire na Diderot, ambao vitabu vyao vilikuwa vikisomwa katika kila jumba la kifahari. Kuanzia mwaka 1781 alitoa mfululizo wa barua za mabishano ulioitwa Les Helviennes, na kuanzia mwaka 1788 akawa mhariri wa jarida la mambo ya Kanisa. Huyu ndiye mtu aliyekutwa na mapinduzi ya mwaka 1789: mwenye elimu, mwenye ghera ya dini, na aliyekwisha kuzoea, kwa miaka mingi, kuwaona wanafalsafa kuwa adui aliyejipanga.

Mwaka 1790 Baraza la Taifa lilitunga sheria ya kuwafanya mapadre kuwa watumishi wa serikali wenye kuchaguliwa na raia, kisha likawataka waile yamini. Barruel akakataa, pamoja na nusu hivi ya mapadre wa parokia wa nchi nzima. Mwezi Agosti 1792 ufalme ukaanguka, na tarehe 2 Septemba, habari zilipofika Paris kwamba jeshi la Prussia linakaribia, makundi yenye silaha yaliingia katika magereza ya mji. Katika nyumba ya watawa Wakarmeli, iliyokuwa imegeuzwa kizuizi cha mapadre waliokataa yamini, zaidi ya mapadre 100 waliuawa kwa panga na mikuki, wengine bustanini, wengine ngazini, na miongoni mwao alikuwamo askofu mkuu wa Arles. Katika siku chache watu zaidi ya 1,000 waliangamia katika magereza ya Paris. Barruel alikuwa mafichoni, akavuka bahari akafika Uingereza, mahali ambapo maelfu ya mapadre wa Kifaransa walipokewa na Waprotestanti waliokuwa jana wakiwatukana. Na huko, mwaka 1793, akapiga chapa historia ya mateso ya mapadre wa Ufaransa, aliyoikusanya kutoka kwa wakimbizi wenzake. Kitabu hicho kina hamasa na upande, lakini kimesimama juu ya watu walioona kwa macho yao.

Hapo ndipo lilipomkabili swali ambalo lingemkabili yeyote. Watu wale wale waliokuwa wakipiga magoti madhabahuni, wakibatizwa, wakioa na kuzikwa kwa mikono ya mapadre, wamewezaje katika miaka mitatu kuwachinja? Msiba mkubwa haukubali sababu ndogo. Kumwambia mfiwa kwamba nduguze wamekufa kwa ajili ya hazina tupu, mvua ya mawe, mkate ghali, mfalme asiye na azma na hofu ya vita, ni kama kumdharau. Moyo wake wataka mtu wa kumshtaki, na kadiri msiba ulivyo mkubwa ndivyo anavyotaka mshtakiwa awe mkubwa. Barruel alilijibu swali lake kwa namna hiyo: hakuna lililotokea kwa bahati, na hata uhalifu wa kutisha kabisa ulikuwa umetabiriwa, umeazimiwa na kupangwa kabla.

Kitabu kilichoibeba jawabu hiyo, kumbukumbu zake za kuifaa historia ya Ujakobini, yaani siasa ya wanamapinduzi wakali wa Ufaransa, kilitoka kwa juzuu kati ya mwaka 1797 na 1798, na mpango wake ni wa tabaka tatu. Kwanza, alisema, palikuwa na njama ya wanafalsafa dhidi ya Kristo, wakuu wake wakiwa Voltaire, d'Alembert, Diderot na Mfalme Frederick II wa Prussia. Pili, palikuwa na njama ya Wafrimasoni dhidi ya wafalme, iliyofichwa katika daraja za juu ambazo wanachama wa kawaida hawakuzijua. Tatu, juu ya hizo mbili, palikuwa na njama ya Iluminati wa Bavaria dhidi ya dini zote, serikali zote na mali ya kila mtu. Na tabaka hizo tatu zilipokutana ndipo wakazaliwa Wajakobini. Tena hakutosheka na karne yake. Aliirudisha nasaba ya Wafrimasoni nyuma hata kwa askari watawa wa Hekalu, ambao mkuu wao alichomwa moto Paris mwaka 1314, na kutoka kwao hata kwa Mani, yule mwalimu wa Uajemi wa karne ya tatu. Edmund Burke, mwanasiasa mashuhuri wa Uingereza, akiwa karibu na kufa, alimwandikia barua ya kuisifu juzuu ya kwanza na kushuhudia kwamba yeye mwenyewe aliwajua baadhi ya watu wa njama hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka karibu pamoja na asili yake, na muda si muda kitabu kikasomwa katika lugha nyingi za Ulaya.

Sasa na tuwatazame Iluminati kama walivyokuwa. Adam Weishaupt alikuwa profesa wa sheria za Kanisa katika chuo kikuu cha Ingolstadt. Alisomeshwa na Wajesuiti, akapewa kiti walichokuwa wakikikalia kabla ya shirika lao kuvunjwa, na aliwachukia kwa chuki ya mwanafunzi anayeiga. Tarehe 1 Mei 1776, pamoja na wachache wasiozidi mkono mmoja, alianzisha chama cha siri cha kueneza fikra za akili huru katika nchi iliyobanwa na wakaguzi wa vitabu, akajiita Spartacus, akawapa wenziwe majina ya Kiyunani na Kirumi, na akawataka wanachama wachunguzane na kupeleka taarifa za tabia zao. Chama hakikuwa na nguvu mpaka Adolph Knigge, mtu hodari wa kuandaa mambo, alipojiunga mwaka 1780 na kukifungamanisha na loji za Wafrimasoni. Kisha yeye na Weishaupt wakagombana, Knigge akatoka mwaka 1784, na mwaka ule ule na uliofuata mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, akatoa amri za kuvipiga marufuku vyama vya siri. Weishaupt alikimbilia kwa mwenyeji wake, mtawala wa Gotha, akaishi huko akiandika vitabu vya kujitetea ambavyo wachache waliviona, akafa mwaka 1830. Mwaka 1786 polisi walipekua nyumba ya mwanachama mmoja mkubwa, Xaver Zwack, huko Landshut, wakatwaa barua na kanuni za chama, na mwaka uliofuata serikali ikazipiga chapa ili watu wote wazione. Njama iliyoshinda wafalme wote wa ulimwengu, basi, ni chama kilichodumu chini ya miaka kumi na kikavunjwa na amri za mtawala mmoja wa Ujerumani.

Barruel alizisoma karatasi hizo za Bavaria, na maneno aliyoyanukuu kutoka humo, na kutoka katika barua za Voltaire, kwa sehemu kubwa yamo. Ni lazima hili lisemwe, maana wako wanaodhani kwamba kitabu cha uongo lazima kijae nukuu za uongo. Ila yake imo katika viungo. Ulama wa hadithi walipopokea habari hawakuridhika na uzuri wa matini, waliuliza isnadi: nani amepokea kwa nani, walikutana wapi, na katika umri gani, na palipopatikana pengo baina ya wapokezi wawili, habari hiyo ilihesabiwa kuwa dhaifu ingawa maneno yake ni matamu. Mtihani huo Barruel hauwezi. Baina ya Mani na askari wa Hekalu kuna pengo la miaka zaidi ya mia nane, na baina ya askari hao na loji kuu ya kwanza ya Wafrimasoni, iliyoundwa London mwaka 1717, kuna pengo la miaka mia nne, na daraja pekee analolijenga juu ya mapengo hayo ni kufanana: hawa walikuwa na siri na wale walikuwa na siri, kwa hiyo ni wamoja.

Kiungo chake cha karibu zaidi, kile kilichopasa kuwaunganisha Iluminati wa Ujerumani na mapinduzi ya Ufaransa, ni safari ya Johann Bode, aliyekuwa kiongozi wao baada ya Weishaupt kukimbia, kwenda Paris katika kiangazi cha mwaka 1787. Safari ilikuwapo. Bode aliacha shajara yake, iliyopigwa chapa mwaka 1994, na ni kweli alijaribu kuwavuta Wafrimasoni wachache wa Paris. Lakini mkutano wa wakuu ulioitwa na mfalme mwenyewe kuomba kodi mpya, kwa sababu hazina yake ilikuwa imekauka, ulifunguliwa mwezi Februari wa mwaka huo, kabla Bode hajatia mguu Ufaransa. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka kabla ya mwenye kiberiti kufika.

Aliyemjibu Barruel vizuri kuliko wote ni mtu ambaye jina lake halikudumu, nami nakaa kwake makusudi. Jean-Joseph Mounier alikuwa mwanasheria wa Grenoble. Yeye ndiye aliyependekeza yamini ile mashuhuri ya tarehe 20 Juni 1789, wajumbe walipoapa kutotawanyika mpaka nchi ipate katiba, na yeye ndiye aliyekuwa rais wa Baraza siku ya tarehe 5 Oktoba, wanawake wa Paris walipoandamana hadi Versailles kudai mkate. Alitaka ufalme wenye mipaka kama wa Uingereza. Alipoona mambo yanamponyoka alijiuzulu, na mwaka 1790 akaihama nchi, akaishi Uswisi, kisha Weimar alikofungua shule. Alikuwa, kama Barruel, mkimbizi wa mapinduzi yale yale, naye alikuwa na kila sababu ya kutafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1801 alipiga chapa huko Tübingen kitabu juu ya athari zilizodaiwa kuwa za wanafalsafa, Wafrimasoni na Iluminati katika mapinduzi ya Ufaransa. Alisema, kwa upole wa mtu aliyekuwapo, kwamba madai hayo hayana ithibati, na akaonyesha ni nini kilichotokea: deni la serikali, serikali iliyoamua leo na kutangua kesho, mahakama kuu zilizogombana na mfalme, na Baraza la Matabaka Matatu lililoitwa baada ya kutokutana tangu mwaka 1614, pasipo mtu kujua kura zihesabiwe namna gani.

Mambo hayo yana hesabu, na hesabu zinathibitika. Mwaka 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali ya Ufaransa ilikwenda kulipa deni, sehemu kubwa ikiwa imetokana na vita vilivyopiganwa, vikiwamo vile vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Tarehe 13 Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu mashamba ya ngano katika eneo kubwa, na majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali mno, hata bei ya mkate Paris ikafikia kilele chake katika mwezi wa Julai 1789, mwezi ule ule wa kuvunjwa kwa gereza la Bastille. Barruel aliishi Ufaransa katika miaka yote hiyo, akala mkate huo kwa bei hiyo. Lakini katika mizani yake bei ya mkate haina uzito mbele ya barua moja ya siri.

Tena Wafrimasoni wenyewe, wangekuwa jeshi moja, wangaliendaje pande zote mbili? Mkuu wa loji za Ufaransa, mtawala wa Orléans, alipiga kura mfalme auawe, kisha akaukana Ufrimasoni, na mwezi Novemba 1793 akapelekwa kwenye gilotini yeye mwenyewe. Loji nyingi zilifungwa katika miaka ya ugaidi, na wanachama wao, makabaila na mapadre wakiwa miongoni mwao, walikufa au wakakimbia. Joseph de Maistre, mtetezi mkali wa kiti cha enzi na wa Papa, ambaye ujanani alikuwa Frimasoni na alizijua loji kwa ndani, alimsoma Barruel na kuandika kumkanusha. Shahidi wa namna hiyo, aliyechukia mapinduzi kama Barruel alivyoyachukia, ana thamani kubwa.

Hata hivyo kitabu kilikuwa kimekwisha kuruka. Edinburgh, profesa wa elimu ya maumbile, John Robison, alitoa mwaka huo huo wa 1797 kitabu chake cha njama hiyo hiyo, na Barruel akafurahi kupata mwenzi ingawa aliona kwamba mwenziwe hanukuu kwa uangalifu. Marekani, mhubiri Jedidiah Morse alipanda mimbari mwezi Mei 1798 kuonya kwamba Iluminati wamefika. Alipodaiwa ushahidi alitoa orodha ya wanachama wa loji moja ya Virginia, na waliochunguza wakaona ni Wafrimasoni wa kawaida.

Lakini jambo zito kuliko yote katika maisha ya Barruel halimo katika kitabu chake. Mwaka 1806, alipokuwa amekwisha kurejea Ufaransa chini ya Napoleon, aliletewa barua kutoka Florence, iliyotiwa sahihi na mtu aliyejiita Kapteni Simonini. Barua ilimsifu kwa kufichua njama, kisha ikamlaumu kwa kuwasahau wenye njama wa asili, yaani Wayahudi. Mwandishi alidai kwamba alijifanya Myahudi mbele ya Wayahudi wa Turin, wakamfunulia kwamba Mani alikuwa mmoja wao, kwamba Wafrimasoni na Iluminati ni kazi yao, na kwamba nchini Italia pekee zaidi ya mapadre 800, pamoja na maaskofu na makardinali, ni Wayahudi waliojificha. Haya ni maneno ya upuuzi. Ilikuwa ni mwaka ambao Napoleon alikuwa akiwakusanya viongozi wa Kiyahudi Paris, na watafiti kadhaa wameshuku kwamba barua ilitungwa na polisi waliotaka kumgeuza Napoleon dhidi yao. Barruel hakuitupa. Aliipeleka kwa wakubwa wa serikali, akaipeleka kwa Papa Pio VII, akaweka nakala. Ila hakuipiga chapa, kwa kuchelea, alivyosema, kwamba ingeleta mauaji ya Wayahudi. Aliogopa damu, na hilo ahesabiwe kwa wema. Lakini hakuona kwamba habari isiyo na shahidi haihitaji kufichwa, yahitaji kukataliwa. Angeikataa vipi, ilhali ilikuwa imetungwa kwa kipimo chake, kiungo baada ya kiungo, juu ya nasaba aliyoibuni yeye?

Nakala zilitembea. Mwaka 1878 barua ilipigwa chapa katika jarida moja la Paris, na fikra yake ikaenea katika vitabu vya chuki. Mwaka 1903 gazeti la Urusi lilitoa Itifaki za Wazee wa Sayuni, zinazojidai kuwa kumbukumbu za mkutano wa Wayahudi wa kutawala ulimwengu. Na ingawa mwezi Agosti 1921 mwandishi wa The Times, Philip Graves, alionyesha ibara kwa ibara kwamba zimeibwa kutoka katika kitabu cha kejeli ambacho Maurice Joly aliandika mwaka 1864 dhidi ya Napoleon III, wala Wayahudi hawakutajwa humo, Itifaki ziliendelea kusomwa, na serikali ya Hitler ilizitumia katika propaganda zake. Mwanahistoria Norman Cohn, alipoandika mwaka 1967 juu ya asili ya Itifaki, alianza kwa Barruel na barua ya Simonini.

Barruel mwenyewe alifungwa kwa muda mwaka 1811, akarudi katika shirika lake lililokuwa limefufuliwa, akafa Villeneuve-de-Berg tarehe 5 Oktoba 1820.

Kwetu uvumi huu haukuja jana. Mwaka 1994 Rais Moi wa Kenya aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Katika mazungumzo ya miaka hiyo jina la Wafrimasoni halikukosekana. Wengine hutetea uvumi kwa kusema lisemwalo lipo. Ninalowaomba wasomaji, na hasa walimu wa tarikhi na waandishi wa magazeti yetu, ni kwamba kila mtu anapotajwa kuwa mwanachama wa jamii ya siri, msemaji aulizwe majina ya mashahidi, mahali na mwaka, na akikosa, habari yake isichapishwe. Na Barruel tumgawe sehemu mbili: juu ya mapadre waliouawa nyumbani kwa Wakarmeli apokewe, kwa kuwa alisimulia kutoka kwa walionusurika, juu ya walioyapanga mapinduzi asipokewe, kwa kuwa hakumwona, wala hakumpata aliyemwona, hata mmoja wao.